Mzee wa Dakika Kumi, Kijana wa Dakika Tisa

Aliye jikoni apunguze moto kidogo, aliye kwenye daladala amwombe dereva aongeze sauti, maana leo mazungumzo yenyewe ni ya sauti. Ni ile sauti iliyorekodiwa ambayo inatoka kwenye programu moja ya kompyuta ikiwa nzima, halafu inafika kwenye programu nyingine ikiwa imeharakishwa, imekatwa mkia, imechelewa, au imenyamaza kabisa. Wanaorekodi kwaya, wanaopiga video za harusi, maprodyuza wa muziki, watayarishaji wa vipindi kama hiki, hata shangazi anayetaka tu kuunganisha salamu za wajukuu ziwe faili moja, wote wamewahi kukutana na jambo hili. Na wengi wao waliilaumu kompyuta.

Tuanze na mzee mmoja wa mfano. Ni mvuvi aliyestaafu, amekula chumvi nyingi, ya umri na ya bahari pia. Mtayarishaji wa vipindi amemfuata barazani kwake na kinasa sauti cha mkononi, wakapiga soga dakika kumi kamili. Sauti ya mzee ni nzito na ya taratibu, kila neno analitua kama mtu anayetua mzigo. Mtayarishaji anarudi studio, anasafisha kelele za kuku na za pikipiki kwenye programu moja, anatoa faili, au kama wenyewe wanavyosema, anaekspoti. Kisha anampelekea mwenzake anayeunganisha kipindi kwenye programu nyingine, kwa kuwa kipindi kitakwenda na picha.

Mwenzake anabonyeza. Anayetoka kwenye spika si mzee yule. Ni kijana mwenye sauti nyembamba, anaongea mbiombio kama kondakta anayeita abiria.

Hapo watu hugawanyika. Mmoja anazima kompyuta na kuiwasha tena. Mwingine anapakua programu ya tatu. Wa mwisho, na huyu ndiye anayeharibu zaidi, anaanza kuivuta sauti kwa kukadiria, ipungue mwendo kidogo, iwe nzito kidogo, mpaka sikio liseme basi. Sikio, msikilizaji, lina tabia ya kusema basi mapema mno, hasa saa sita za usiku.

Cha kutazama kwanza ni saa. Je, faili lina urefu gani? Mahojiano yalikuwa dakika 10. Kwenye programu ya pili yamekuwa dakika 9 na sekunde 11. Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati, na anayeijua anaweza kutaja ugonjwa kabla hajasikiliza neno la pili la mzee.

Kompyuta haihifadhi sauti kama mkanda. Huichungulia mara nyingi mno katika kila sekunde, na kila ikichungulia huandika namba moja. Namba hiyo ndiyo sampuli. Sauti ya CD huchunguliwa mara 44,100 kwa sekunde. Sauti ya video na televisheni, mara 48,000. Kinasa cha mtayarishaji wetu kiliandika namba 44,100 kwa kila sekunde ya mzee. Programu ya pili, iliyopangwa kwa kazi za video, imezisoma namba zilezile kwa mwendo wa 48,000. Namba za sekunde nzima zinakwisha kabla sekunde haijatimia. Mzee anamaliza mapema, na sauti yake inapanda karibu robo tatu ya toni.

Waliokulia kwenye nyumba yenye gramafoni wanalijua jambo hili tangu utotoni: santuri ya mwendo wa 33 ikiwekwa kwenye 45, mwimbaji hugeuka kifaranga. Na wa enzi za redio kaseti wanaujua upande wa pili: betri zikichoka, bendi nzima inasinzia. Kwenye kompyuta nako kuna upande wa pili. Faili la 48,000 likisomwa kwa 44,100, dakika zile 10 huwa dakika 10 na sekunde 53, na mzee anaongea kama ametoka usingizini. Kwa hiyo msikilizaji, kama unaandika, andika hizo mbili. Dakika kumi zikiwa tisa na sekunde kumi na moja, au zikiwa kumi na sekunde hamsini na tatu, acha kutafuta mchawi.

Lakini kwa nini dunia iwe na namba mbili? Nani alikaa akachagua 44,100, namba isiyo na umbo?

Jibu liko kwenye kaseti za video. Miaka ya 1970 ilipokuwa inakwisha, sauti ya kidijitali ilikuwa nyingi mno kwa diski za kompyuta za wakati ule, ila kaseti ya video iliweza kuibeba. Wahandisi wakaandika namba za sauti kwenye mistari ya picha, sampuli tatu kwa kila mstari. Mfumo wa televisheni wa Marekani na Japani ulitoa mistari 245 ya kutumika katika kila nusu ya picha, na nusu 60 kwa sekunde. Mfumo wa Ulaya ulitoa mistari 294, na nusu 50 kwa sekunde. Mwenye kalamu azidishe: tatu mara 245 mara 60. Kisha tatu mara 294 mara 50. Njia zote mbili zinatua 44,100. Sony na Philips wakaichukua namba hiyo kwa ajili ya CD, iliyoanza kuuzwa Japani Oktoba 1982. Watu wa utangazaji na filamu wao wakatulia kwenye 48,000, inayogawanyika sawasawa kwa picha 24, 25 au 30 za kila sekunde. Mzee wetu wa pwani, basi, amebanwa katikati ya mabishano ya kaseti ambazo hazipo tena madukani.

Sasa, haki isemwe. Programu nyingi za leo huiona tofauti hii na kuigeuza zenyewe, kimyakimya, mtumiaji asijue. Shida huja pale mtu au mpangilio unapoziambia zisigeuze. Faili la WAV lina kichwa, mfano wa lebo ya kifurushi kinachopandishwa basi la mkoani: sampuli ngapi kwa sekunde, biti ngapi, njia moja au mbili. Chini ya lebo hiyo ni namba tupu, hazijitambulishi. Kwenye programu ya Pro Tools, faili likiongezwa kwenye mradi bila kugeuzwa, huchezwa kwa mwendo wa mradi, lebo iseme inachotaka. Kwenye Audacity kuna mtego mwingine, na wengi huuingia kwa nia njema kabisa. Kwenye menyu ya traki pana kiwango cha sampuli. Mtu anaona 44100, anakumbuka ameombwa 48000, anaibadilisha palepale. Anaamini amegeuza sauti. Alichofanya ni kubandua lebo na kubandika nyingine. Namba zimebaki zilezile, na mzee ameshakuwa kijana kabla hata hajaekspotiwa. Kugeuza kwenyewe, yaani kutengeneza sampuli upya, ni amri tofauti iliyo kwenye menyu ya traki ya juu ya dirisha.

Tiba basi ni kurudi nyuma, kwenye faili la kwanza, na kulitoa upya kwa kiwango anachotaka anayepokea. Na hili, msikilizaji, litarudiwa leo mpaka lichoshe: muulize anayepokea kabla ya kubonyeza. Ujumbe mmoja wa simu unatosha. Mradi wako uko 44 au 48? Biti ngapi? Mono au stereo? Ukimaliza kuuliza, ndipo ufungue dirisha la kuekspoti.

Hapo kwenye biti pana utani wa lugha. Ukimwambia prodyuza wa Bongo Fleva kwamba faili lake lina biti 16, anaweza kukuuliza zote hizo alizitengeneza lini. Biti yake yeye ni mdundo. Biti ya kompyuta ni kipimo cha jinsi kila sampuli ilivyoandikwa kwa undani: 16 inatosha kwa msikilizaji wa mwisho, 24 inatoa nafasi zaidi ya kufanyia kazi, na ile ya 32 yenye nukta inayoelea ina sifa yake ya pekee. Sauti ikizidi kipimo ndani ya mradi wa aina hiyo, vilele vyake havipotei. Vipo, vimepita tu juu ya mstari. Ukishusha sauti, vinarudi vizima. Lakini ukilitoa faili lilelile kwa biti 16 au 24 huku mstari mwekundu unawaka, vilele vinafyekwa sawasawa kama nyasi za uwanja wa mpira, na anayepokea hata akishusha sauti kiasi gani, sauti iliyopasuka itabaki imepasuka, ila kwa upole. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwamba kwake kazi ilikuwa safi, na akawa anasema kweli.

Tuje kwenye tatizo la pili, ambalo ni la kuchekesha likimpata mtu mwingine. Mtu anatuma kazi ya wiki nzima kwa simu. Anayepokea anaona faili limefika upesi ajabu. Ni dogo, kilobaiti chache. Analifungua: traki zote zipo, majina yapo, mistari ipo, na hakuna sauti hata tone.

Kilichotumwa ni mradi, na mradi si sauti. Audacity, programu ya bure iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na kutolewa kwa watu mwaka 2000, kwa miaka mingi ilihifadhi kazi kwa sehemu mbili: faili dogo la maandishi, na pembeni yake folda iliyobeba sauti yenyewe. Faili dogo ndilo lililokuwa na alama ya programu, ndilo watu walilolibonyeza kila siku, ndilo walilolituma. Folda ikabaki nyumbani. Wengine waliifuta kabisa wakidhani ni takataka. Toleo la 3.0 la mwaka 2021 liliunganisha vyote viwili kuwa faili moja, na vilio vya namna hiyo vikapungua. Havikwisha, kwa sababu programu nyingine nyingi bado zinaacha sauti kwenye folda ya pembeni, au mahali pengine popote kwenye diski, na faili la mradi linakumbuka njia tu ya kufika huko. Njia ya kwenye kompyuta ya Mwanza haifiki popote kwenye kompyuta ya Mombasa.

Tena mradi wa programu moja kwa kawaida hausomeki na nyingine. Kuna juhudi za kuziba pengo hilo. Mwaka 2023 kampuni za Bitwig na PreSonus zilitoa muundo wa wazi wa kubadilishana miradi, na watu wa filamu wana miundo yao ya zamani zaidi. Ukiwa na bahati, programu zako zote mbili zinauelewa mmojawapo. Usipokuwa na bahati, njia ya zamani haijawahi kufa: kila traki iekspotiwe peke yake, WAV, na zote zianzie sifuri ileile, hata kama kinanda kinaingia dakika ya tatu. Dakika mbili na ushee za kimya mwanzoni mwa kinanda si upotevu wa nafasi. Ndizo zinazomwambia anayepokea kinanda kikae wapi. Mwenye FL Studio, na studio za Afrika Mashariki zimejaa FL Studio tangu ilipokuwa ikiitwa FruityLoops, ana sehemu ya kuchagua kutoa kila njia ya mikisa kivyake. Na karibu na hapo pana chaguo la mkia: mwangwi wa mwisho ukatwe, uachwe utulie wenyewe, au urudishwe mwanzoni. Wimbo unaoisha ghafla kama aliyezimiwa umeme, mara nyingi umekatwa hapo.

Twende tatizo la tatu, na hapa msemaji wenu ana upande wake, hafichi.

MP3 ni kitu kizuri sana kwa kusikiliza na kibaya sana kwa kusafirishia kazi. Wahandisi wa Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg, waliitengeneza ili itupe yale ambayo sikio halitayakosa, na kwa kazi hiyo ilifaulu kiasi cha kubadili biashara nzima ya muziki. Dakika moja ya WAV ya kiwango cha CD hula karibu megabaiti 10. MP3 ya kilobiti 128 hula karibu moja. Kwa mtu anayenunua bando la siku, tofauti hiyo si ya kuchezea, na ndiyo maana watu wanaitumia. Lakini kinachotupwa hakirudi. Kuligeuza faili la MP3 kuwa WAV ili lionekane la kitaalamu ni kumimina chai nyepesi kwenye birika kubwa. Birika limeongezeka, majani hayajaongezeka.

Lipo jambo la siri zaidi, nalo huwatesa hata waliozoea. MP3 hufungasha sauti kwa mafungu ya sampuli 1,152, na katika kufungasha huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni. Kidogo kweli: mara nyingi kama sehemu ya arobaini ya sekunde. Mahojiano hayaharibiki kwa hilo. Lakini ngoma iliyotumwa kwa MP3 ikiwekwa kando ya gita lililotumwa kwa WAV, ngoma inachelewa kwa kiasi ambacho mtu hawezi kukitaja ila kinamkera. Na mdundo unaotakiwa kujirudia bila mshono unapata kigugumizi kila unapofika mwisho.

Basi pima. Uliza swali hili, nalo lina thamani kuliko programu ya bei kubwa: je, tofauti inaongezeka, au ni ileile tangu mwanzo hadi mwisho? Ikiwa ngoma imechelewa kiasi kilekile dakika ya kwanza na dakika ya tano, ni suala la mwanzo: kimya cha MP3, au traki isiyoanzia sifuri. Unaisogeza mara moja, imekwisha. Ikiwa mwanzoni midomo na maneno vinakwenda pamoja, na kadiri kipindi kinavyosonga vinaachana, basi ni suala la mwendo. Vikiachana upesi, tazama sampuli. Vikiachana polepole, sekunde moja au pungufu katika muda mrefu, saa ya kamera na saa ya kinasa hazilingani, au video ya simu imerekodiwa kwa idadi ya picha inayobadilikabadilika. Je, inaongezeka, au ni ileile? Ukishajibu hilo, umeshafunga nusu ya milango.

Na wale wanaobadili jina la faili kutoka M4A kuwa MP3 kwa kufuta herufi na kuandika nyingine? Msikilizaji, hiyo haigeuzi kitu. Simu nyingi hurekodi kwa M4A, ndani yake mna ufungashaji wa AAC, na jina jipya halibadili yaliyomo. Programu nyingine zitagundua na kufungua kwa hisani. Nyingine zitakataa, na Audacity kwenye Windows huhitaji kuongezewa kisaidizi kiitwacho FFmpeg ndipo iisome M4A. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp nao ni ufungashaji mwingine tena, Opus, unaobanwa sana humo ili maneno yasafiri kwenye mtandao dhaifu. Kwa maneno ni hodari. Usiimbie kwaya humo. Anayelazimika kutuma kazi kwa WhatsApp aambatishe kama hati, faili litafika kama lilivyoondoka.

Tupumzike hapo kidogo, maana tatizo la nne linataka utulivu. Ndilo la ajabu kuliko yote, na pengine ndilo linalowagombanisha watu na wateja wao kuliko yote.

Ni video ya harusi. Mpiga picha alichomeka waya kutoka kwenye mikisa ya ukumbini hadi kwenye kamera yake, ili apate sauti safi ya mshereheshaji bila vigelegele kuizidi. Nyumbani akavaa hedifoni, akasikia. Sauti ipo, safi, ingawa ina ugeni fulani, kama haiko katikati ya kichwa bali inamzunguka masikioni. Akaweka muziki wa taarabu chini yake, akaekspoti stereo, akamtumia bibi harusi. Bibi harusi akafungua kwenye simu yake yenye spika moja. Taarabu inasikika vizuri kabisa. Mshereheshaji anafungua kinywa, anainua mkono, watu wanacheka, na hakuna hata neno moja. Simu ya usiku inapigwa. Mpiga picha anavaa hedifoni tena: mbona yupo! Wote wawili wanasema kweli.

Kilichotokea ni hiki. Nyaya za kitaalamu za maikrofoni na mikisa hubeba sauti ileile mara mbili, moja wima na nyingine imegeuzwa juu chini, ili kelele zilizoingia njiani zifutwe mwishoni. Waya huo ukichomekwa kwa adapta isiyofaa kwenye tundu dogo la stereo la kamera, kamera inadhani hizo ni njia mbili tofauti, kushoto na kulia. Inarekodi kushoto sauti wima, kulia sauti iliyopinduliwa. Kwenye hedifoni kila sikio linapata lake, linaridhika. Simu yenye spika moja inazijumlisha. Kushoto kunapanda pale kulia kunaposhuka, na jumla yake ni sifuri. Mshereheshaji amejifuta mwenyewe. Taarabu, kwa kuwa iliongezwa baadaye na haikupita kwenye waya ule, imebaki.

Redio ndogo ya mono nayo hujumlisha. Ndiyo maana kituo kinaweza kurusha tangazo la namna hii, wafanyakazi wote wakalisikia studioni kwenye spika mbili nzuri, na mkulima mwenye redio yake begani akasikia kimya cha sekunde thelathini.

Dawa yake, kwa bahati, ni nyepesi kuliko ugonjwa. Tenganisha kushoto na kulia, futa upande mmoja, uache mmoja uwe mono. Basi. Sauti ya mtu mmoja haihitaji njia mbili. Ikiwa mono inakuwa pia nusu ya uzito kwenye kutuma. Na kabla ya kutoa kazi yoyote, sikiliza mara moja kwa mono. Programu karibu zote zina kitufe hicho. Ukikikosa, weka kwenye simu ya bei nafuu kuliko zote ndani ya nyumba.

Yapo mengine madogo tuyapite haraka. Mtu anaekspoti na kupata sekunde nne tu: alikuwa ameteua kipande, na programu imetoa kilichoteuliwa. Mtu anapata wimbo bila mwimbaji: traki ilizimwa sauti wakati wa kuhariri ikasahaulika. Mtu anatuma mafaili yote yakiwa na sauti kubwa sawasawa, mnong'ono sawa na kelele: kuna kisanduku cha kusawazisha kilichotiwa tiki, na kila traki imepandishwa mpaka dari. Na mwenye rekodi ya saa nyingi ambaye WAV yake inagoma au inafunguka ikiwa pungufu, akumbuke kwamba kichwa cha WAV ya kawaida, muundo wa mwaka 1991, hakiwezi kuandika ukubwa unaozidi gigabaiti 4. Mahubiri ya siku nzima yakatwe vipande.

Katika yote haya, wanaohangaika zaidi ni wale wanaobadili mambo manne kwa mkupuo. Kiwango, biti, muundo, na programu yenyewe, vyote kwa pamoja. Ikikubali hawajui nini kimeponya, ikikataa hawajui nini kimezidisha. Badili kimoja, toa sekunde 30 tu, sikiliza. Na sikiliza faili lenyewe lililotoka, kwenye kichezeo cha kawaida, nje ya programu uliyoitengenezea. Wengi husikiliza mradi wakaridhika, wakatuma faili ambalo hawajawahi kulisikia. Halafu, tena, muulize anayepokea kabla ya kubonyeza.

Tumrudie mzee barazani. Safari hii mtayarishaji amekwenda na ujanja wa watu wa filamu, ambao tangu zamani hupiga kibao mbele ya kamera. Yeye hana kibao. Amewasha kinasa, na kabla ya swali la kwanza amepiga kofi moja mbele ya maikrofoni. Mzee ameshtuka, akauliza kama kuna mbu. Mwisho wa mahojiano, kofi la pili. Studioni, kwenye programu ya kwanza, makofi yanaonekana kama miiba miwili mirefu katikati ya mawimbi, na kati ya mwiba na mwiba ni dakika 10 na sekunde 4. Ameandika hivyo kwenye ujumbe, pamoja na mengine mafupi: WAV, 48,000, biti 24, mono, kofi hadi kofi dakika 10 na sekunde 4.

Mwenzake amefungua faili kwenye programu ya pili. Hajasikiliza kwanza. Amekuza picha ya mawimbi, ametafuta mwiba wa kwanza, ametafuta wa pili, amesoma saa iliyo juu ya dirisha. Dakika 10, sekunde 4. Ndipo akabonyeza, na sauti nzito ya mzee ikatoka kwenye spika, taratibu, ikiuliza habari ya yule mbu.

Muda wetu umekwisha, msikilizaji. Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumzia upepo kwenye maikrofoni. Usiku mwema.